Waya wa Breki ya Mbele

Fundi Saa aligongwa na gari siku ya Jumanne, saa mbili kasoro dakika kumi na mbili asubuhi. Polisi alipomhoji akiwa kwenye kitanda cha zahanati, aliitaja saa hiyo bila kusita, na afande akaiandika bila kumuuliza ameijuaje. Mtu aliyetengeneza saa miaka thelathini na minne, nani atamuuliza habari za saa?

Duka lake lilikuwa chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la dawa na duka la madaftari. Ukiingia, mwenzako anabaki nje. Alikaa nyuma ya meza yenye kioo, lenzi imebanwa kwenye jicho la kulia, na alikuwa na ulimi mkali kuliko bisibisi zake. Mteja akileta saa iliyoingia maji wiki iliyopita, Fundi Saa aliigeuza mara moja tu, kisha akamtazama mwenyewe.

"Imekulilia siku saba. Wewe ulikuwa umeziba masikio?"

Watu walicheka, wakanuna, lakini walirudi, kwa sababu saa ikitoka mkononi mwake ilikuwa imepona kweli.

Nyumbani alikuwa na mke, mshonaji wa sare za shule, ambaye cherehani yake ilikaa barazani mwaka mzima. Na alikuwa na baiskeli. Ilikuwa baiskeli ya mashindano ya zamani, ya chuma chembamba, rangi ya buluu iliyopauka, usukani umejikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Aliinunua akiwa kijana kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama, akashindana nayo misimu mitatu, na mara moja alishika nafasi ya nne, jambo ambalo mkewe alilisikia mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Alipoacha mashindano hakuiacha baiskeli. Aliiendesha kwenda dukani na kurudi, na kila Jumapili aliifuta kwa kitambaa laini na kuitia mafuta yale yale ya kutilia saa, tone moja moja.

"Mke mwenzangu ameshaoga?" mkewe aliuliza kutoka barazani.

"Ameoga."

"Basi njoo ule na sisi tusiooga."

Jumanne hiyo alikuwa akiteremka mlima mfupi unaotoka sokoni. Gari dogo la kubeba wanafunzi, likiwa tupu kwa sababu watoto walikuwa wameshashushwa, lilikuwa mbele yake likapinda kushoto kuingia kituo cha mafuta. Fundi Saa aliminya breki. Kilichofuata hakukikumbuka vizuri: ubavu wa gari, kishindo, kisha lami shavuni. Mfupa wa mtulinga wa kushoto, ule wa begani, ulivunjika. Dereva wa gari, mtu wa miaka arobaini hivi, ndiye aliyemnyanyua, akamlaza kiti cha nyuma, akampeleka zahanati, kisha akarudi kuiokota baiskeli na kuileta mpaka nyumbani kwa Fundi Saa juu ya paa la gari.

"Alinikatia njia," Fundi Saa alimwambia afande. "Hakuwasha taa ya kuonyesha anakata kona. Nilishika breki, nikashindwa kusimama, kwa sababu alikuwa ameshaniingilia."

"Niliwasha taa, mzee," dereva alisema akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Haki ya Mungu niliwasha."

Afande aliwatazama wote wawili. Mmoja alikuwa mzee anayeheshimika, mfupa umevunjika. Mwingine alikuwa dereva, na madereva kila mtu ana lake la kusema juu yao. Leseni ya dereva ikawekwa kwenye droo ya kituo mpaka kesi isikilizwe, na mwenye gari akamtafuta dereva mwingine.

Daktari alisema wiki sita. Mkono wa kushoto ulining'inizwa shingoni kwa kitambaa, na duka likafungwa, maana saa haitengenezwi kwa mkono mmoja. Wiki ya kwanza Fundi Saa alikaa sebuleni akiitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama sahani ya bati iliyokaliwa na mtu mnene. Uma unaolishika gurudumu hilo ulikuwa umerudi nyuma, umelala chini ya fremu. Fundi baiskeli wa kona alikuja kuiona, akazunguka mara mbili, akakuna kichwa.

"Mzee wangu, nikwambie kweli? Hii ni ya chuma chakavu."

"Nani amekuuliza kuhusu chakavu? Nimekuuliza kuhusu uma."

"Uma wa hivi hakuna tena. Na hata ukipatikana, mtu wa kuzipanga upya hizi spoku, hizi njiti za gurudumu, simjui. Siku hizi tunauza gurudumu zima."

Fundi baiskeli akaondoka zake. Fundi Saa akaendelea kukaa. Ilipofika siku ya tisa, mkewe alisimamisha cherehani, akaingia ndani, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mzee wangu, umekuwa kabati. Napita kulia upo, napita kushoto upo. Hebu niambie, kitu hiki kinaanzia wapi?"

"Kipi?"

"Baiskeli. Wewe una mdomo, mimi nina mikono. Nishike wapi?"

Alidhani anatania. Lakini mkewe, ambaye yeye humwita mama, alikuwa ameshapiga magoti, ameshika nati ya gurudumu.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Asubuhi mama alishona, na baada ya chakula cha mchana alitandika shuka kuukuu barazani na kuilaza baiskeli juu yake. Fundi Saa alikaa kwenye kigoda akielekeza kwa kidole cha mkono mzima. Siku mbili za mwanzo walikaribia kuachana.

"Geuza kushoto. Kushoto! Huko ndiko kulia."

"Kushoto kwangu au kwako? Maana wewe umekaa huko kama mfalme."

"Kushoto kwa nati."

"Nati nayo ina kushoto!"

Lakini mama alikuwa na kitu ambacho mumewe hakuwahi kukifikiria. Miaka yote hiyo ya kuvuta uzi ilikuwa imevifundisha vidole vyake kujua kitu kilichokaza, kilicholegea na kilicho karibu kukatika. Nati iliyoshika kutu hakuilazimisha. Aliitia mafuta, akaiacha, akaenda kushona kola mbili, akarudi, ikafunguka.

Walianza na fremu, kwa sababu fremu ikiwa imepinda, mengine yote ni kupoteza wakati. Fundi Saa alimwelekeza afunge uzi mrefu upande wa nyuma, pale gurudumu linapokaa, auvute mpaka mbele kwenye shingo ya usukani, auzungushe na kuurudisha nyuma upande wa pili. Kisha apime nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, huku na huku. Zikilingana, fremu imenyooka. Mama alichomoa futi yake ya kushonea shingoni.

"Huku tatu na nusu kasoro kidogo. Huku tatu na nusu na kidogo."

"Kidogo ndiyo nini?"

"Kidogo ni kidogo. Ukubwa wa kushona pindo mara mbili."

Ilikuwa milimita mbili. Waliingiza ubao kati ya mabomba ya nyuma, mama akaegemea kwa uzito wake wote, na mzee akahesabu. Wakapima tena. Wakaegemea tena. Mara ya nne uzi ukasema sawa pande zote mbili, na mama akakaa chini akipepea uso kwa kipande cha karatasi ya kukatia nguo.

Uma ulipatikana kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu upande wa pili wa reli. Ulitoka kwenye baiskeli nyingine ya umri ule ule, ulikuwa mwekundu, na ulikuwa mrefu kwa nusu kidole. Mchomeleaji wa mageti aliukata shingo ukaingia. Rimu, lile duara la chuma la gurudumu, nayo ilitoka huko huko, ikiwa tupu, ina matundu thelathini na sita.

Gurudumu ndilo lililochukua siku nne. Fundi Saa alimweleza mara moja: spoku ya kwanza inapita tundu hili, unaruka matundu matatu, ya pili inapita pale, na kila moja ikatane na nyingine tatu kabla ya kufika kwenye rimu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba anyamaze.

"Ukisema nachanganyikiwa. Nimeshaiona. Ni mfumo tu huu, kama wa kitambaa."

Alizipanga huku akihesabu kwa midomo. Alikosea mara moja, akazitoa zote kumi na nane za upande mmoja, akaanza upya bila kununa. Ilipofika zamu ya kukaza, alizungusha gurudumu taratibu akiwa ameshika chaki karibu na rimu. Pale rimu ilipoyumba, chaki iliacha alama, na pale ndipo alipokaza nati ya spoku kwa robo mzunguko. Majirani walipita wakisalimu, wakasimama, wakaulizana kulikoni. Siku ya nne rimu ilizunguka katikati ya vidole vyake viwili bila kugusa hata kimoja. Fundi Saa alivaa lenzi yake, akasogeza uso, akatazama mizunguko kumi mizima.

"Haya," alisema.

"Haya nini?"

"Mimi nisingeliweza vizuri hivi."

Siku hiyo mama aliimba akipika.

Kilichobaki kilikuwa kidogo: breki, utepe wa usukani, mnyororo. Mama alibandua utepe mweusi uliozungushwa kwenye usukani, akafika kwenye mkono wa breki ya mbele, akavuta waya utoke. Ukatoka kipande kifupi tu. Akauchungulia.

"Mbona huu umeoza?"

"Umekatika kwenye ajali."

"Sijasema umekatika. Nasema umeoza. Tazama."

Fundi Saa aliupokea. Waya wa breki si waya mmoja. Ni nyuzi nyembamba nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja. Akavaa lenzi, akasogea kwenye mwanga. Nyuzi zilikuwa kumi na tisa. Kumi na tano ncha zake zilikuwa za kahawia, kutu imezila mpaka ndani. Hizo zilikatika zamani, moja baada ya nyingine, ndani ya utepe ambako macho hayafiki. Nne tu zilikuwa na ncha zinazong'aa. Hizo nne ndizo zilizokuwa zimeishika breki yote asubuhi ile, na hazikukatwa na gari. Kishikio cha breki hakikuwa na hata mkwaruzo. Zilikatika alipominya.

Alivua lenzi, akauweka waya gotini. Mama aliacha alichokuwa akifanya.

"Nini?"

"Nilipoishika, iliachia," alisema. "Kabla ya gari. Niliminya, ikawa tupu, na ya nyuma peke yake haikutosha. Nilikuwa nimesahau. Hapana, sikusahau. Nilijiambia ni ajali ndiyo iliyoikata."

"Ulikuwa hujui kwamba imechakaa?"

"Wiki mbili kabla yake ilikuwa inalegea. Nikakaza skrubu ya juu. Nikasema nitabadilisha mwezi ujao."

Mama alikunja shuka kona moja, akaikunjua.

"Lakini yule dereva hakuwasha taa," alisema, kama anayemsaidia.

"Hata hilo sijui."

"Si uliwaambia polisi?"

"Niliwaambia sikuiona. Halafu nikasema hakuwasha. Mama, nilikuwa sitazami gari. Nilikuwa natazama saa ya pale kituo cha mafuta. Iko nyuma dakika nne, na kila nikipita inaniudhi."

Mke mwingine angelicheka au angelipiga kelele. Huyu aliinuka, akaenda kwenye mkoba wake wa vifungo, akamwaga vifungo vya shati mezani, akarudi na bahasha iliyobaki tupu.

"Tia humu. Kesho twende wote?"

"Nitakwenda peke yangu."

Alikwenda kwa miguu, bahasha mfukoni. Afande aliyekuwa na faili alimsikiliza kalamu ikiwa hewani, na alipomaliza aliiweka kalamu chini.

"Mzee, nimekaa hapa miaka kumi na moja. Watu huja kubadilisha maneno wajitoe. Hawaji kujiingiza."

"Nimekuja."

"Sasa mimi nauweka wapi huu waya?"

Mwishowe aliubana kwa pini kwenye ukurasa wa nyuma wa faili. Akaandika maelezo mapya, akamsomea, Fundi Saa akatia saini. Siku nne baadaye leseni ilitoka kwenye droo. Jambo lenyewe likaandikwa kuwa ni ajali, mwendesha baiskeli akiwa na chombo kibovu, na mwenye chombo akapewa onyo ambalo alilisikiliza amesimama wima kama mwanafunzi.

Lakini hakungoja siku nne kumtafuta dereva. Alimkuta siku ile ile kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akishusha mifuko ya saruji, nywele na kope zimekuwa nyeupe. Alimwambia yote, kuanzia waya mpaka saa ya kituo cha mafuta. Dereva alimsikiliza huku mfuko ukiwa begani. Hakuutua.

"Wiki tano," alisema.

"Wiki tano na siku mbili."

"Unajua kilichoniuma? Si kazi. Kazi ni kazi, hata hii ni kazi. Mke wangu. Wiki ya kwanza alisema ananiamini. Wiki ya tatu akaniuliza, 'Kweli lakini uliwasha?' Akaniuliza taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa. Tangu siku hiyo nikimwambia hata mvua inanyesha, anachungulia dirishani."

Fundi Saa aliutazama mfuko uliokuwa bado begani mwa dereva.

"Nimekosa," alisema. "Sina neno jingine."

"Nimesikia, mzee," dereva alijibu, akaenda kuutua mfuko ndani, akarudi kuchukua mwingine. Mzee alikuwa bado amesimama pale pale.

"Nije nimwambie mwenyewe? Mkeo."

Dereva alifikiri mpaka mtu wa juu ya lori akamwita mara mbili.

"Njoo Jumapili," alisema. "Mchana. Usije umevaa kama unakwenda mahakamani."

Kabla ya Jumapili alikwenda kwa mwenye gari, akasimulia hapo pia. Maneno yalikuwa yale yale, na hayakuwa mepesi zaidi kwa kuzoewa. Mwenye gari hakuwa mtu mbaya. Alisema dereva wa muda anaendesha kama anakimbizwa na nyuki, na wazazi wameanza kulalamika, hivyo atamrudisha yule wa zamani mwezi ukianza.

Jumapili walikwenda yeye na mama. Mke wa dereva aliwakaribisha kwa adabu zote, akawapa viti vizuri, akakaa mbali. Fundi Saa alisimulia kwa mara ya tano. Alipofika kwenye saa iliyo nyuma dakika nne, mwanamke yule aliweka mkono mdomoni.

"Wewe baba, umevunjika mfupa kwa ajili ya dakika nne za watu?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akaanza kucheka. Alicheka akainama, akafuta machozi, na hayo machozi hayakuwa yote ya kicheko. Kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa amekaa kwenye mkeka ukutani, akamwambia neno moja kwa sauti ya chini. Wageni hawakulisikia, na halikuwahusu. Dereva aliitikia kwa kichwa. Alipowasindikiza mpaka barabarani alizungumza na mama zaidi kuliko na mzee, akimuuliza habari za kushonesha sare. Fundi Saa alitembea nyuma yao, na aliona hiyo ni haki.

Baiskeli ilimalizika wiki hiyo. Nyaya zote mbili za breki zilikuwa mpya, na mama hakutaka zifichwe mpaka ameziminya kwa nguvu zake zote, mara ishirini kila moja. Uma ulibaki mwekundu kwenye fremu ya buluu kwa sababu Fundi Saa hakutaka kuupaka rangi. Bega halikupona sawasawa; halikumruhusu tena kuinama mpaka kwenye pembe za chini za usukani, hivyo alishika juu, mgongo umenyooka, na mlima wa sokoni aliuteremka akiikokota. Dukani alianza kazi polepole. Wateja wa siku nyingi waligundua kwamba akipokea saa iliyocheleweshwa alivuta pumzi ya kusema, kisha akaiandikia tu karatasi na kuiweka kwenye kasha. Baadhi yao walisikitika, maana walikuwa wamezoea kutukanwa vizuri.

Dereva alirudi kwenye gari lake. Hakuwa rafiki wa Fundi Saa, na hakuwahi kuingia dukani kwake. Wakipishana barabarani aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na mzee aliinua kichwa. Mke wa dereva ndiye aliyekuja, mwezi wa pili tangu siku ile, kuleta vitambaa vya sare za watoto watatu, akakaa na mama barazani mpaka jua likapinda.

Siku moja fundi baiskeli wa kona alipita pale akiwa na shughuli zake, akaona gurudumu la mbele, akasimama. Akaiinua baiskeli kwa mkono mmoja, akalizungusha gurudumu kwa mwingine, akatega jicho kwenye rimu. Akazungusha tena.

"Hili nani amelipanga?"

Fundi Saa alielekeza kwa kidevu upande wa cherehani. Fundi baiskeli alidhani anataniwa. Kesho yake, kama mtu anayejaribu, alileta gurudumu moja lililopinda lililokuwa limetupwa nyuma ya banda lake mwaka mzima. Siku ya tatu akalichukua limenyooka. Wiki iliyofuata akaleta mawili.

Sasa barazani pale, pembeni ya mafungu ya sketi na kaptula, hapakosi magurudumu mawili matatu yaliyotundikwa kwenye misumari, kila moja na karatasi yake. Mama amenunua ufunguo wake mwenyewe wa spoku na anauweka pamoja na mikasi. Mwenye gurudumu akija na haraka zake, hainui hata macho.

"Weka hapo chini, baba. Nikimaliza kulitia hili shati mikono, nakuja kwako."